Tundu la Kupumulia

Watu wa Ggaba, bandari ya wavuvi jijini Kampala, walishazoea kumcheka Aryemo. Mwanamke anauza samaki sokoni kutwa nzima, anawakata vichwa na kuwapara magamba, halafu jioni anapanda kilima kwenda nyumbani kubembeleza samaki wengine wasioliwa, wasiouzwa, na wasiozidi urefu wa kidole cha kati. "Watoto wako wamekula leo?" wanamwuliza, naye anajibu kwamba wamekula vizuri kuliko anayeuliza. Hakukasirika. Mtu akifiwa na mume na kuachiwa tangi la kioo la lita mia nne sebuleni, ama anajifunza kuchekwa ama analivunja kwa nyundo, na nyundo alikuwa ameshaifikiria mara mbili.

Mumewe alikuwa Obonyo, Mkenya wa Homa Bay, dereva wa watafiti wa samaki kwa miaka kumi na saba. Sema tena: dereva. Waliosoma walikaa nyuma na vitabu vyao, yeye akashika usukani, na ndiye aliyekuwa na macho. Siku moja, kwenye kijiziwa kimoja kilichojitenga upande wa Masaka, aliwaona nkejje ambao hakuwahi kuwaona kwingine. Nkejje ni wale samaki wadogo ambao Kampala huwala wakiwa wakavu, lakini hawa walikuwa wekundu kuanzia mkiani hadi katikati ya mwili, na mstari mweusi ulipita juu ya jicho kana kwamba mtu ameuchora kwa mkaa. Akajaza ndoo moja akaja nao nyumbani. Mwaka uliofuata, mwenye pupa mmoja ambaye jina lake halijulikani hadi leo alimwaga vifaranga vya sangara, samaki anayekula samaki wenzake, katika kijiziwa kile. Watafiti waliporudi walitega nyavu wiki nzima, wakapata sangara watupu.

Kwa hiyo wale wa sebuleni kwa Obonyo ndio waliobaki, kwa kadiri walivyojua wote waliotafuta. Alipokuwa mahututi hospitalini hakuuliza habari ya kiwanja wala ya watoto wa dada yake. Aliuliza kama maji ya tangi yamebadilishwa. Aryemo aliumia, na usiniambie hakupaswa kuumia. Aliumia mwezi mzima baada ya mazishi. Kisha akaanza kubadilisha maji.

Walikuwa tisa. Mwezi Machi umeme ulikatika akiwa sokoni, na alipofika nyumbani alikuta sebule imejaa maji na samaki sita wamekufa ndani ya tangi lililokaribia kukauka. Wakabaki dume mmoja na majike wawili.

Ili uelewe kilichotokea, tazama tangi lenyewe. Juu kuna tangi kubwa wanamokaa samaki. Chini yake, ndani ya kabati, kuna tangi dogo la kuchujia. Maji yanayozidi ukingoni huteremka kwa bomba moja hadi lile la chini, yanapita kwenye sponji na mawe, kisha pampu inayapandisha tena juu kwa bomba la pili, ambalo mdomo wake umezama ndani sana ili usukume uchafu wa chini ya tangi. Umeme ukiwapo, mambo ni shwari. Umeme ukienda, pampu inanyamaza, na lile bomba la kupandisha linageuka kuwa la kushusha. Linafyonza maji ya juu bila kuchoka na kuyamwaga chini, tangi dogo linajaa, linafurika, na samaki wanabaki na shubiri moja ya maji.

Baada ya msiba ule Aryemo aliizima pampu kabisa, akawa anabeba maji kwa ndoo asubuhi na jioni. Angeendelea hivyo hadi mgongo ukatike. Lakini mwezi Juni jike mmoja alifunga mdomo.

Nkejje hatagi mayai kwenye majani akaenda zake. Huyaokota mayai yake na kuyahifadhi mdomoni, na humo watoto huanguliwa na kukua siku kama ishirini, na muda wote huo mama hali kitu. Kidevu kilimvimba, akajitenga pembeni, chakula kikapita mbele ya pua yake asikitazame. Aryemo alimpigia simu Nabangala, mtafiti wa Jinja aliyekuwa akiendeshwa na Obonyo enzi hizo. Nabangala akasema kwa sauti ya kujizuia, "Dada, akiwatema salama nitakuja na kuchukua nusu. Nina mabwawa. Hawatakuwa tena kwenye chumba kimoja, unanielewa? Siku ya ishirini nitakuwa hapo. Lakini hayo maji lazima yazunguke. Maji ya ndoo hayatoshi kwa watoto."

Ndipo alipoitwa Oyugi.

Oyugi alikuwa fundi bomba kutoka Siaya, aliyefahamiana na Obonyo kwenye chama cha Wajaluo wa Kampala, mtu wa kujivunia Kiswahili chake kama wengine wanavyojivunia viatu. Alikuja Jumamosi, siku ya kumi na mbili, akalala kifudifudi mbele ya kabati na tochi mdomoni, akaguna.

"Shemeji, hapa waliweka vali ya kuzuia maji yasirudi. Vali hulala. Uteute ukiingia tu, haifungi tena. Hiyo ndiyo iliua wale sita." Akaing'oa vali, akaitupa kwenye ndoo. Kisha akachukua mashine ya kutoboa yenye ncha nyembamba, akatoboa tundu moja kwenye bomba la kupandisha, upana wa kidole juu ya uso wa maji. "Hili halina kitu cha kuharibika. Stima ikipotea, bomba likianza tu kufyonza, linavuta hewa hapa. Likishavuta hewa, limekwisha nguvu. Maji yanasimama."

"Na stima ikiwapo?"

"Litatema uzi wa maji kidogo. Liache liteme. Ni tundu la kupumulia."

Wakalijaribu. Oyugi aling'oa plagi, pampu ikanyamaza, na Aryemo akakunja vidole vya miguu ndani ya kandambili. Maji ya tangi la juu yalishuka kidogo, tundu likafanya *srrr* kama mtu anayenywa chai ya moto, na lile la chini likapanda, likapanda, likasimama vidole vinne kutoka ukingoni. Walisubiri nusu saa. Halikuongezeka hata tone. Aryemo aliketi juu ya mkono wa kochi akalia, na Oyugi akajifanya anatafuta bisibisi.

Pampu ilipowashwa, uzi wa maji ukaruka kutoka tunduni, ukagonga kioo, na matone machache yakavuka ukingo yakalowesha ukuta. Oyugi alisema wiki ijayo angeleta kipande cha plastiki cha kukinga. Kabla ya kuondoka alitoa kalamu ya wino mzito akaandika ukutani, kwa herufi kubwa zinazosomeka hadi mlangoni, na mshale ukielekea kwenye tundu: USIZIBE.

"Ni kwa ajili ya mzee," alisema. "Akirudi ataona."

Mzee alikuwa Tarcisio, babake Aryemo, konstebo mstaafu, Mwacholi aliyekaa katika nyumba za polisi za Nakawa miaka ishirini na minane kabla ya binti yake kumchukua. Jumamosi ile alikuwa huko Nakawa kwenye matanga ya askari mwenzake, akalala huko hadi Jumapili jioni. Alirudi amechoka, akaenda moja kwa moja kitandani. Aryemo aliamka Jumatatu alfajiri kuwahi mashua. Alisimama mlangoni mwa chumba cha babake akamsikia akikoroma, akafikiri amwamshe amweleze habari za tundu, akamwonea huruma. Maandishi yapo, alijiambia, na mzee anajua kusoma.

Ni kweli mzee alijua kusoma. Na hakuwa mtu wa kupuuza kilichoandikwa. Ndani ya nyumba ile yeye alikuwa bado kazini: asubuhi alikagua madirisha, komeo, jiko la gesi, na tangu jike afunge mdomo alikagua tangi pia. Alikuwa amechora mistari kwenye kalenda ya parokia, mmoja kwa kila siku. Mwanzoni aliwaita samaki "wafungwa". Siku hizi alimwita yule jike "mama mlinzi", na Aryemo aliwahi kumkuta akimpigia saluti, mzee wa miaka sabini na nne, ndani ya fulana.

Saa nne asubuhi simu ya Aryemo iliita sokoni. Alikuwa ameshika sato kwa mkono mmoja na kisu kwa mwingine, na mteja mmoja mkali alikuwa akidai samaki amelala, si wa leo.

"Aryemo," sauti ya babake ilisema, "ile kazi ya fundi, mimi namaliza."

Aryemo alidhani anazungumzia vumbi la plastiki ambalo Oyugi alikuwa ameliacha chini ya kabati. "Asante, Baba," alisema, akakata simu, akarudi kwenye ugomvi wa sato.

Saa sita na nusu mashine ya barafu ya bandarini ilinyamaza. Watu wote wa Ggaba huujua ukimya ule: umeme umekwenda. Wanainua vichwa, wanasonya, wanarudi kwenye shughuli. Kwa miezi mitatu, hata pampu ikiwa imezimwa, Aryemo hakuuamini. Alikuwa akirusha kisu na kukimbia kuomba bodaboda kabla wengine hawajamaliza kusonya.

"Leo hukimbii?" Bushira, jirani yake wa kibanda, alimwuliza.

"Leo sikimbii. Nina tundu."

Bushira alicheka hadi akashika meza. Aryemo naye akacheka, akaagiza chai na chapati, akamwonyesha kwa mrija wa soda jinsi maji yanavyofyonzwa, na jinsi ukiutoboa mrija karibu na mdomo huvuti ila upepo. Alikula chapati yote. Alikuwa na furaha, nasema bila kuficha, furaha ya mtu ambaye kwa mara ya kwanza ameacha nyumba yake ijilinde. Huwa inanitia hasira nikikumbuka ile chapati.

Babake alipiga tena saa saba.

"Nyara," alisema, na hilo ni neno la Kiacholi la kumwita binti, ambalo alilitumia kwenye misiba tu. "Kuja. Maji iko kwa sebule."

Aryemo alipofika mlangoni, maji yalimfunika vidole vya miguu. Tarcisio alikuwa amepiga magoti katikati ya sebule, suruali imelowa hadi kiunoni, anayachota maji sakafuni kwa beseni na kuyamimina tena juu, ndani ya tangi, kwa bidii ambayo ingemvunja kijana. Sakafu ile alikuwa ameisugua asubuhi kwa sabuni ya unga, kama kila Jumatatu. Uso wa maji tangini ulikuwa na povu.

"Mimi narudisha," alisema akihema. "Mimi narudisha yote. Samaki hapana kosa maji."

"Baba, acha! Acha!"

Alimpokonya beseni. Dume alikuwa ameelea ubavu, mdomo wazi. Jike wa pili alikuwa anazunguka na kuzunguka karibu na uso wa maji, akakoma mbele ya macho yao. Mama mlinzi alikuwa kwenye kona, bado wima, mapezi yakitetemeka, na mdomo umefungwa kabisa.

Aryemo alimchota kwa kikombe akamtia katika ndoo ya maji ya mvua iliyokuwa nyuma ya nyumba. Aliporudi ndani ndipo alipotazama bomba. Pale penye tundu palikuwa na bonge la sabuni ya kufulia, ile ya kipande, limekandamizwa na kulainishwa kwa kidole gumba kwa ustadi mkubwa. Kampala nzima huziba hivyo jerikeni linalovuja. Unasugua sabuni kwenye ufa, unakandamiza, unaendelea na safari. Maji ya pampu yalikuwa yamelilamba bonge lile tangu asubuhi, likayeyuka nusu, na nusu iliyobaki ilitosha kabisa kuzuia hewa.

"Nani alikwambia ufanye hivi?"

"Fundi."

"Fundi hujamwona hata kwa macho!"

"Aliandika." Tarcisio alisimama, goti likalia. Alinyoosha kidole ukutani bila wasiwasi wowote, kama mtu anayetoa kitambulisho. "Soma. U, si, zi, be. Ziba. Na mshale naonyesha wapi."



"Mimi naona maji naruka kwa ukuta," mzee aliendelea, "nasema, huyu fundi alisahau. Halafu naona ameandika. Nasema kumbe hakusahau, alikosa sabuni, akaachia mtu wa nyumba amri. Mimi natafuta sabuni, naziba."

"Baba, inasema usizibe! Usi! Inakataza!"

Tarcisio aliyatazama maandishi. Alitazama kwa muda mrefu, midomo ikicheza.

"Kama nakataza," alisema polepole, "neno ya kukataza iko wapi? Angeandika *hapana ziba*. Kwa nyumba ya polisi kila kitu iliandikwa hivyo. Hapana pita hapa. Hapana vuta sigara. Hapana kojoa. Mtu anaona *hapana*, anasimama."

Na hapo ndipo penye ubaya wote, msomaji. Kiswahili alichojifunza Tarcisio gwarideni, toka kwa masajini ambao nao walijifunza gwarideni, huweka katazo mbele kabisa, wazi. Kiswahili cha Oyugi hulificha ndani ya neno, silabi mbili tu. Mzee aliona *ziba*, neno ambalo hata Waganda waliomzunguka husema vilevile na kumaanisha hilohilo. Hakuwa mzembe. Angekuwa mzembe, wangepona.

Aryemo hakuwaza hayo wakati ule. Alikuwa hajawahi kumpandishia babake sauti tangu kuzaliwa, na sasa ilimtoka kana kwamba ilikuwa ikisubiri.

"Umewamaliza! Sangara hakuweza, mgao wa umeme haukuweza, umekuja kuwamaliza wewe! Kwa sabuni!"

Mzee alisimama wima, mikono ubavuni, akapokea. Maji yalikuwa yakichuruzika kwenye kiwiko chake.

Nyuma ya nyumba, mama mlinzi alifungua mdomo.

Siku ya kumi na nne ni mapema mno. Aliwatema mara tatu, watoto kumi na saba, kila mmoja jicho na mkia na mfuko wa kiini tumboni, hawajui kuogelea, wakatua chini ya ndoo kama punje za ulezi. Walikuwa hai. Mikia ilikuwa ikicheza. Aryemo alimpigia Nabangala.

"Wachukue kwa kijiko, watie kwenye chupa ya maji safi," Nabangala alisema haraka. "Mama yao huwageuzageuza mdomoni muda wote, ndiyo maana hawaozi. Weka kimashine cha hewa chini ya chupa, kiwazungushe."

"Hakuna umeme."

"Basi kwa mkono. Taratibu. Bila kuacha. Niko Soroti kikazi, dada, nitafika Jumatano. Nitakuja na mashine ya betri."

Aryemo alizitia punje zile kumi na saba katika chupa ya plastiki iliyokatwa shingo, akaanza kuizungusha. Baada ya dakika kumi mkono ulimwuma. Tarcisio alikuja akaketi karibu naye kwenye benchi la nje, akanyoosha mikono yote miwili.

"Nipe," alisema.

Angemnyima. Alitaka kumnyima. Lakini kulikuwa na sebule ya kukausha, na tangi la kuosha mara sita, na maji ya kutafuta, na hapakuwa na mtu mwingine. Akampa.

Umeme haukurudi jioni ile. Transfoma ya mtaa ilikuwa imelipuka, wakasema, na ya kubadilisha ilikuwa haijapatikana. Mzee alizungusha. Alikuwa ameupata mwendo wake, mdogo, sawasawa, chupa ikiegemea kifua, na punje zikipanda na kushuka ndani. Alikunywa uji kwa mkono wa kushoto. Aryemo alipojaribu kumpokea alisema bado ana nguvu, na alipoamka alfajiri ya Jumanne akamkuta palepale, blanketi begani, macho mekundu, mkono unakwenda.

Mama mlinzi alikuwa amekufa ndooni. Sabuni ilishamwingia kwenye matamvua kabla hajaokolewa.

Oyugi alifika saa tatu na kile kipande chake cha plastiki mfukoni. Aliliona bonge la sabuni, ambalo Aryemo alikuwa hajaligusa, akayasoma maandishi yake mwenyewe mara mbili. Hakuhitaji kuelezwa sana. Alikwenda nyuma ya nyumba akavua kofia.

"Mzee, kosa ni langu. Nilipaswa kukungoja nikueleze kwa mdomo."

"Wewe uliandika yako," Tarcisio alisema bila kuinua macho. "Mimi nilisoma yangu."

Oyugi alibaki siku nzima akifunga mabomba mapya ambayo hakuna aliyemwagiza. Alipoondoka aliyafuta yale maandishi kwa mafuta ya taa, lakini wino ulikuwa umeshaingia kwenye rangi ya ukuta.

Jumanne mchana Aryemo aliona punje ya kwanza imegeuka nyeupe. Nyeupe ni kufa. Hilo Obonyo alimfundisha. Aliitoa kwa kijiko bila kusema. Jioni zilikuwa nne nyeupe, akazitoa zote, na babake akageuza uso pembeni wakati kijiko kinaingia. Asubuhi ya Jumatano hakutoa tena. Zilizokuwamo zote zilikuwa nyeupe, na maji yalikuwa yameanza kuwa na ukungu.

Nabangala aliingia saa tano, suruali imejaa vumbi la safari, amebeba masanduku mawili ya kuhifadhia baridi na mashine ya betri ambayo ingekuwa na kazi kubwa sana Jumatatu. Aliomba chupa. Tarcisio hakuiachia, ila aliinua mkono ili amulike kwa tochi akiwa ameishika yeye, na hata wakati huo hakuacha kuzungusha. Nabangala alichungulia kwa kioo cha kukuzia, upande huu na upande huu. Alikuwa mwanamke mwenye heshima. Hakuzungusha maneno.

"Wamekufa, mzee. Wote. Wengi tangu jana."

"Nimesikia," Tarcisio alisema.

Aryemo alimpa wale wakubwa watatu, waliokuwa wamefungwa kwenye mfuko ndani ya barafu aliyoinunua Ggaba. Nabangala aliwatia katika chupa ya spiriti, akaandika karatasi ndogo, tarehe na mahali. Kwenye nafasi ya mahali alisita, akauliza jina la mtaa. Akaliandika. Kisha akamkumbatia Aryemo, akasema Obonyo angejua kwamba walijitahidi, jambo ambalo Aryemo hakuliamini hata kidogo, akapakia masanduku yake matupu.

Gari lilipokwisha kushuka kilima, Aryemo alirudi nyuma ya nyumba. Mzee alikuwa palepale. Shavu lilikuwa limeingia ndani, mkono umevimba kwenye kifundo, na kichwa kilikuwa kikimwangukia kifuani na kushtuka, kikianguka na kushtuka. Chupa iliendelea kuzunguka.

"Baba, umemsikia Madamu."

"Namsikia."

"Basi weka chini. Ulale. Ni siku ya tatu."

Tarcisio alitikisa kichwa. Alitafuta maneno, na alipoyapata aliyasema kwa Kiacholi, lugha ambayo hakuna herufi iliyomponyoka ndani yake.

"Mkono wangu ukisimama, ndipo nitakuwa nimewaua."

Aryemo alisimama mbele yake. Hasira yake bado ilikuwapo. Aliitafuta akaikuta mahali pake, nzima, na alijua kwamba ingekaa humo miaka. Umeme ulikuwa bado haujarudi. Mahali fulani chini bandarini walikuwa wakigonga barafu kwa shoka.

Aliketi kwenye benchi, akaingiza mikono yake chini ya mikono ya babake, akaufuata mwendo wake mpaka akaupata. Kisha akaichukua chupa bila kuyaacha maji yatulie, akaendelea kuizungusha, ili mzee alale.